Kwa nini watu wa Ngamiani hukubali kupigwa picha asubuhi, lakini huikataa kamera saa nane mchana?

#1 Kivuli cha Mwarobaini

Salaam wanajamvi. Huu ni msimu wangu wa tatu wa kaskazi nikipiga picha za watu wa kawaida katika barabara za namba za Ngamiani hapa Tanga, na kila msimu ninakutana na jambo lilelile ambalo sijapata maelezo yake. Asubuhi, kati ya saa moja na saa tatu, muuza kahawa, fundi baiskeli, mama wa mihogo na wazee wa barazani hunikubalia bila shida. Wengine hunyoosha kola na kuniuliza kama wasimame au wakae. Nikirudi saa nane mchana, kwa watu walewale, katika baraza zilezile, mkono unainuliwa kabla sijafungua kifuniko cha lenzi. Jioni, kuanzia saa kumi na moja, ruhusa inarudi kana kwamba haikuwahi kuondoka.

Sipigi picha kwa kuvizia. Husalimia, huomba, na anayekataa humwacha. Wala sizungumzii watu wasionijua. Hawa ni watu ninaokunywa nao kahawa. Mzee mmoja wa Barabara ya Kumi na Mbili, ambaye nina picha zake sita za asubuhi, aliniambia mchana mmoja wa Februari, "Si saa hizi, mwanangu." Nilipomuuliza sababu, aligeukia upande wa pili akaendelea kujipepea.

Ninauliza kwa sababu mchana wa kaskazi ndio ninaoutaka kuliko saa nyingine zote. Baiskeli zimeegemezwa ukutani, milango imefunguliwa nusu ili upepo upite, na watu wamejibanza kwenye ukanda mwembamba wa kivuli chini ya mabati, miguu ndani, vidole juani. Hiyo ndiyo Tanga ninayoijua tangu utotoni na sijaiona katika picha ya mtu yeyote. Saa nane ina nini?

#2 Baharia wa Sahare

Ndugu Kivuli, jibu ni fukuto, wala halihitaji uzi mrefu. Kaskazi ikianza kulegea, hewa ya pwani husimama, joto hupita nyuzi 32, na unyevu hauruhusu jasho kukauka mwilini. Mtu aliyelowa mgongo hana hamu ya kumtazama yeyote, seuze kamera. Ukizingatia kwamba Desemba na Januari jua liko utosini kabisa kwa sisi wa Tanga, utaona kuwa anayekukatalia hakukatai wewe, analikataa jua.

#3 Binti wa Makorora

Namheshimu Baharia, lakini joto peke yake halitoshi. Vijana wanaobeba magunia pale Mgandini hupigana picha kwa simu saa nane hiyohiyo, wamelowa chapachapa, na wanacheka. Kinachobadilika mchana ni mavazi, na pamoja na mavazi hubadilika mahali penyewe.

Asubuhi baraza ni mahali pa kutokea mbele za watu: mtu ameoga, amevaa shati, mama amejitanda kanga zake mbili. Mchana wa joto baraza ileile inageuka kuwa chumba. Ndani ya nyumba yenye paa la mabati hakukaliki, basi watu wanatoka na hali zao za ndani, mwanamume kwa msuli na kifua wazi, mwanamke kwa dera jepesi na kanga moja mabegani, mtoto kwa chupi. Sisi majirani tunapita na tunaona, lakini kwa adabu tuliyolelewa nayo jicho hupita bila kukaa. Kamera ni jicho linalokaa.

Marehemu bibi yangu alikuwa akipiga hodi kila alipokaribia baraza ya watu wakati wa mchana, japo hapakuwa na mlango wala ukuta. Asubuhi alisema "sabalkheri" tu akapita. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni mazoea ya kizee. Sasa ninaamini alikuwa akijua kuwa saa nane anaingia nyumbani kwa mtu.

#4 Mpima Kivuli

Naomba kurekebisha jambo moja katika #2. Desemba jua haliko utosini kwa Tanga. Tarehe 21 au 22 Desemba jua liko juu ya Tropiki ya Kaprikoni, nyuzi 23.4 kusini mwa Ikweta, ilhali sisi tuko nyuzi 5 tu kusini, kwa hiyo adhuhuri ya Desemba jua letu limeinamia kusini kwa nyuzi 18 hivi. Utosini hupita mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Oktoba likielekea kusini, na mwanzoni mwa Machi likirudi. Tena kilele chake cha Machi si saa sita kamili bali karibu saa sita na nusu, kwa kuwa saa za nchi yetu zinafuata longitudo ya nyuzi 45 na Tanga iko nyuzi 39. Simamisha fimbo uwanjani siku hizo na utaona kivuli chake kinamezwa na shina lake.

Sitaji hayo kwa ajili ya hesabu tu. Mwanga unaotoka juu kabisa hugeuza matundu ya macho kuwa mashimo, huangusha kivuli cha pua juu ya midomo, na ukingo wa kofia hukata uso nusu kwa nusu. Ngozi yetu ikiwa na jasho hung'aa kwenye paji na kufifia kila mahali pengine, na simu, ambayo imepima mwanga kwa ukuta mweupe wa chokaa ulio nyuma, humtoa mtu mweusi tii asiye na macho. Dhana yangu ni nyepesi: watu wanaikataa picha ya saa nane kwa sababu wamekwisha kuiona picha ya saa nane, na hawakujitambua.

Na tusisahau kwamba vifaa vyenyewe havikuanza na sisi akilini. Kwa miongo mingi Kodak ilizigawia maabara kadi za kupimia rangi zenye sura ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kama kadi za Shirley, na rangi zilirekebishwa mpaka ngozi yake itoke vizuri. Waliowahi kufanya kazi katika kampuni hiyo wamesimulia kwamba msukumo wa kuboresha rangi za kahawia ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, si kwa watu weusi walioharibiwa sura zao katika picha za shule. Mtu aliyerithi albamu za namna hiyo ana haki ya kuitilia shaka kamera.

Kwa Ndugu Kivuli: usimpige mtu akiwa na ukuta mweupe nyuma yake. Mkalishe yeye kivulini, ukuta wenye jua uwe mbele ya uso wake, upime mwanga kwa shavu lake. Ukuta wa chokaa upande wa pili wa barabara unarudisha mwanga laini kuliko taa yoyote ya studio. Wala usitegemee sana ule mwanga wa dhahabu wa asubuhi na jioni, kwa maana hapa kwetu jua huchomoza na kuzama karibu wima, na kutoka kwenye upeo hadi nyuzi 6 juu yake hutumia dakika 25 tu. Wenzetu wa kaskazini ya dunia wanao kwa muda mrefu zaidi wakati wa kiangazi chao.

#5 Fundi wa Barabara ya Tisa

Mimi ni mmoja wa hao mnaowajadili. Nina kibanda cha baiskeli, na nimewahi kukataa picha saa hiyohiyo mnayoitaja, kwa hiyo niruhusuni niseme.

Asubuhi siku bado ni yangu. Nimepanga spana, nimejaza maji kwenye karai la kutafutia pancha, na sijui bado leo italeta nini. Ukinipiga picha wakati huo unampiga fundi anayeanza kazi. Kufika saa nane hesabu ya siku imekwisha kuonekana. Kama tangu asubuhi nimeziba pancha mbili na kukaza spoku za baiskeli moja ya mkopo, ninajua jioni nyumbani tutapika nini, na hayo yote yako usoni mwangu hata nikijitahidi kuyaficha. Uso huo sitaki mtu auhifadhi.

Jambo la pili ni la kusema polepole kwa kuwa sitaki kumwumiza mwenye uzi, ambaye nadhani namfahamu. Saa nane wenye maduka wengi wamefunga, wamekwenda kula na kupumzika. Aliyebaki nje ni mwenye guta, mwenye mkokoteni wa maji, mama anayekaanga mihogo, na mimi. Anayekuja na kamera saa hiyo amechagua kuwa juani, na akimaliza ataondoka. Sisi hatukuchagua. Picha ikitoka, watu watasema, "Tazama mwanga ulivyo mzuri." Mimi pale nilikuwa nimekwama.

#6 Mzee wa Studio

Marahaba kwa wote mnaonisalimu kwa mioyo. Nilifanya kazi ya studio hapa mjini kuanzia 1974 mpaka filamu zilipoacha kuletwa, na ningependa kuwakumbusha kwamba hata kabla ya hizi simu, watu wa Tanga hawakupiga picha saa nane. Studio tuliifunga saa sita tukaifungua saa kumi. Sababu ya kwanza ilikuwa poda. Mteja alikuja amejipodoa, akiketi chini ya taa mbili za joto katika chumba kisicho na dirisha, jasho lilichora mifereji usoni kabla sijamaliza kupima umbali. Niliweka kitambaa na feni, lakini feni ilipeperusha shungi.

Sababu ya pili ilikuwa maji. Filamu nyeusi-na-nyeupe husafishwa vizuri kwenye nyuzi 20, na maji ya bomba ya Machi yalikuwa ya vuguvugu mno kwa kazi hiyo. Ukiyatumia hivyohivyo ule utando wa picha hulainika na kujikunja kama ngozi ya maziwa. Tulinunua barafu kwa wauza samaki, tukaiweka kwenye beseni, na chupa za dawa ndani yake. Kwa hiyo kazi ya kusafisha tuliifanya usiku.

Lakini nataka kusema la muhimu zaidi. Kamera yangu ilikuwa Yashica ya lenzi mbili, na filamu moja ilitoa picha 12. Mteja alijua kwamba anapata moja, labda mbili. Alikuja na redio yake, saa yake ya mkono, maua ya plastiki, rafiki yake waliyeshona sare. Alichagua uso wake nyumbani, akauleta. Picha ilikuwa miadi kati yetu, na kwa kuwa yeye ndiye aliyelipa, picha ilikuwa yake. Mimi nilibaki na negativu tu, na sikuithubutu kumwonyesha mtu mwingine bila idhini. Leo mpiga picha ndiye anayemfuata mtu, hakuna anayelipa, na picha inaondoka na aliyekuja. Mnajua wahenga wetu walivyousema mji huu, waja leo waondoka leo. Msemo ule ni wa watu, lakini mimi nauona katika picha pia.

Kijana Kivuli, je, yule mzee wa picha sita umempelekea ngapi za karatasi?

#7 Baharia wa Sahare

Shikamoo Mzee wa Studio. Nimekubali marekebisho ya Mpima Kivuli, ingawa naona anapima kivuli kwa bidii kuliko wanaokikalia.

Nina swali kwa Fundi. Kama hesabu mbaya ya siku ndiyo inayokataa picha, mbona jioni ruhusa inarudi? Saa kumi na moja hesabu ni ileile, tena imekuwa mbaya zaidi kwa saa tatu.

#8 Ustadh wa Chumbageni

Assalaam alaykum. Nashangaa hoja ya dini haijatajwa, na nadhani wengi wanaifikiria kimya kimya. Wapo wanaodhani kwamba saa nane mtu ametoka kusali Adhuhuri na kwa hiyo picha inamkera. Hilo si sahihi sana. Mwezi wa tatu Adhuhuri huingia muda mfupi baada ya saa sita na nusu, na saa nane msikiti umekwisha kutawanyika muda mrefu, Alasiri bado. Kama sala ingekuwa sababu, basi saa kumi na moja, baada ya Alasiri, wangekataa vilevile, ilhali mwenye uzi anasema ndipo wanapokubali.

Kuhusu picha yenyewe, wanazuoni wamehitilafiana tangu kamera ilipoanza. Wapo wanaoiweka katika katazo la kuchora viumbe vyenye roho, na wapo wanaosema kwamba kamera haiumbi chochote bali inakishika kivuli, kama kioo kinavyokishika. Anayeshika kauli ya kwanza atakukatalia saa zote, alfajiri hata usiku. Kwa hiyo dini inaeleza kwa nini fulani anakataa, lakini haielezi saa nane. Mimi binafsi naona hoja ya Binti wa Makorora ndiyo iliyo karibu na dini kuliko zote, kwa kuwa sitara ni jambo la mtu na hali aliyo nayo wakati huo.

#9 Mwanasheria wa Pwani

Wengi hudhani kwamba barabarani ni mali ya umma na kwa hiyo kila kilichopo ni halali kupigwa. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda heshima na maisha binafsi ya mtu, na Ibara ya 18 inalinda uhuru wa kutoa na kusambaza habari. Mpiga picha wa mtaani anasimama katikati ya ibara hizo mbili. Zaidi ya hayo, tangu tarehe 1 Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyotungwa 2022, na uso unaotambulika ni taarifa inayomtambulisha mtu. Nawashauri wateja wangu waombe ridhaa, na kwa mtoto waombe kwa mzazi. Bandarini, vituo vya polisi na kambi za jeshi nisingeinua kamera kabisa bila kibali cha maandishi.

Nchi zinatofautiana sana. Mahakama ya New York mwaka 2006 ilimkatalia mzee wa Kiyahudi aliyelalamika kwamba Philip-Lorca diCorcia alimpiga picha Times Square bila yeye kujua, kisha akaionyesha na kuiuza. Ilisema hiyo ni sanaa, na sanaa inalindwa. Ufaransa, Kifungu cha 9 cha Kanuni ya Madai kinachohifadhi maisha binafsi kimempa mtu nguvu kubwa zaidi juu ya sura yake.

#10 Dada wa Raskazone

Asante kwa maelezo, lakini yule mzee wa Barabara ya Kumi na Mbili hakuwa akifikiria Ibara ya 16. Wacheni niwaambie watu wanaogopa nini siku hizi: wanaogopa stika. Shangazi yangu alipigwa picha na kijana wa mtaani amesinzia kwenye mkeka mchana wa joto, mdomo wazi. Ndani ya siku mbili picha ile ilikuwa stika ya WhatsApp katika kundi la harusi, imeandikwa maneno, na watu wasiomjua wakawa wanaitumia kusema wamechoka. Hakulia, lakini tangu siku hiyo halali tena barazani, analala ndani ya joto. Mchana ndio wakati mtu anasinzia, anakoroma, anajikuna. Asubuhi na jioni mtu ana zamu ya kujilinda, mchana hana.

Jumapili, hata hivyo, njooni ufukweni Raskazone jua likiwaka. Vijana walewale wa Ngamiani wanaomba kupigwa picha, wamelowa, kifua wazi. Kwa hiyo dada yangu wa Makorora, kifua wazi si tatizo siku zote.

#11 Mvuvi wa Deep Sea

Mimi nina kisa. Miaka kadhaa iliyopita mgeni mmoja alinipiga picha hapa mwaloni nikishusha dagaa, jasho linanitiririka, mchana. Alinishukuru, akanipa mkono. Baadaye mpwa wangu aliniletea kalenda aliyoiona ofisini kwao, na mwezi wa Machi ulikuwa mimi. Sikuona hata senti, lakini si senti iliyoniuma. Chini ya picha palikuwa na maneno kuhusu umaskini. Siku ile tulikuwa tumepata samaki wengi kuliko mwezi mzima uliotangulia, na nilikuwa na furaha ambayo siisahau. Aliliona jasho, akadhani ni shida.

Tangu hapo mchana sikubali. Asubuhi nikubali, kwa kuwa asubuhi hakuna jasho la kusomwa vibaya.

#12 Mjukuu wa Mabawa

Nimeisoma #11 mara mbili na nimehuzunika, lakini nisingependa uzi huu uishie kwa kusema kamera isitoke mchana. Bibi yangu mzaa mama aliishi miaka mingi, na picha aliyoacha iliyo ya hai kweli ni moja. Nyingine ni za paspoti, na humo yeye ni kama mtu anayesubiri kuadhibiwa. Ile moja aliipiga mpita njia, mchana, bibi ameketi kwenye ngazi ya mlango, kanga imemteleza begani, anapepeta mchele na kumsemesha mtu ambaye haonekani. Mpita njia yule aliileta nakala baada ya wiki mbili. Bibi alikasirika kwa ajili ya lile bega. Aliificha. Tulipomzika tuliikuta imefungwa kwenye kitambaa pamoja na hati ya kiwanja.

Pia nataka kuongeza mfano kutoka mbali. Katika Julai ya 1940 mpiga picha Weegee alipanda mahali palipoinuka juu ya umati uliokwenda kutafuta ubaridi katika ufukwe wa Coney Island, New York, na katika picha ile maelfu ya watu waliovaa nguo za kuogea wameinua nyuso na mikono kumtazama. Mji mzima ulikuwa unachomwa na kiangazi, na bado wanacheka na kamera. Helen Levitt, katika mji huohuo na miaka hiyohiyo, alizunguka mitaa ya maskini akipiga watoto waliofukuzwa nje na joto la vyumbani, na kamera yake alikuwa ameifunga kioo cha pembeni ili aonekane anatazama upande mwingine. Leo picha zake ndizo zinazotuonyesha watoto wale walicheza nini. Angeomba ruhusa, wangesimama wima kama askari.

#13 Binti wa Makorora

Nimeguswa na habari za bibi yako, na nimeguswa zaidi na kwamba aliificha lakini hakuichana. Sijui la kusema juu ya hilo.

Kuhusu Coney Island, na hapa namjibu pia Dada wa Raskazone: ufukweni mtu amekwenda. Amevua shati kwa kuwa amefika mahali pa kuvua shati, na anajua ataonekana. Barazani hakwenda popote. Joto ndilo lililomtoa. Ndiyo maana kifua kilekile ni sawa Jumapili na si sawa Jumanne. Na kuhusu kioo cha pembeni, naomba radhi, lakini kwetu anayekutazama huku amejifanya hatazami ana jina, na si jina zuri.

#14 Fundi wa Barabara ya Tisa

Baharia aliniuliza kuhusu jioni. Jioni nimeoga. Huwezi kuamini ndoo moja ya maji na shati safi vinabadilisha nini katika hesabu ileile. Tena jioni ninakaa kwenye kahawa na wenzangu, tunabishana juu ya timu yetu ya mpira, Coastal Union, na mtu aliye katikati ya wenzake si fundi aliyekosa kazi, ni mwenzao.

#15 Mpima Kivuli

Fundi ametaja maji, mimi namkumbusha mwenye uzi maji ya aina nyingine. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi ukaingia fukuto la nje, lenzi itafunga ukungu papo hapo. Iache ndani ya mfuko uliofungwa mpaka ipate joto la nje. Chumvi ya bahari na unyevu huu vimeniharibia lenzi mbili kwa kuvu. Jambo dogo, lakini kuvu hausamehe.

#16 Kivuli cha Mwarobaini

Nimechelewa kurudi kwa sababu Mzee wa Studio aliniuliza swali, na jibu lake lilikuwa sifuri. Picha sita, na yule mzee sikuwahi kumpa hata moja ya karatasi. Nilimwonyesha kwenye kioo cha kamera tu. Niliona haya, nikazichapisha zote nikampelekea asubuhi. Alizitazama moja moja, akaniuliza ni nani mwingine anazo, nikamwambia ukweli kwamba mbili niliziweka Instagram. Akanyamaza kidogo, akasema ile ya kikombe niitoe, ya pili iache. Nimeitoa.

Kisha nilifanya jambo jingine. Kwa mchana nne mfululizo nilikwenda barazani kwake saa nane bila kamera. Siku ya kwanza nilikaa upande wa jua kwa kuwa kivuli kilikuwa kimejaa, na hakuna aliyesogea. Siku ya pili walisogea. Sikujua kwamba kile kivuli kina mpangilio: mzee mwenyewe anakaa karibu na mlango ambapo upepo wa ndani unatoka, wageni mwishoni, na kadiri jua linavyosogea wote wanajongea kwa pamoja bila kuambizana, kidogo kidogo, mpaka saa tisa wamefika mwisho wa ukuta. Nimepita pale misimu mitatu na sikuwahi kuliona hilo, kwa maana nilikuwa napita.

Siku ya tano mzee aliniuliza, "Mbona siku hizi huji na kile chombo chako?" Moyo ulinidunda. Nilimwuliza kama ninaweza kukileta sasa hivi, nyumbani si mbali. Akasema, "Kilete saa kumi na moja."

#17 Baharia wa Sahare

Basi hoja yangu imesimama. Amekupenda, amekuamini, umempa picha zake, na bado saa nane hataki. Ni joto.

#18 Binti wa Makorora

Ndugu Kivuli, saa nane alikuwa amevaa nini, na saa kumi na moja alivaa nini?

#19 Kivuli cha Mwarobaini

Saa nane msuli na singlendi iliyotoboka ubavuni. Saa kumi na moja kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya viua ambayo sijawahi kumwona nayo asubuhi wala siku ya Ijumaa.

#20 Fundi wa Barabara ya Tisa

Ile kofia naifahamu, huivaa kwenye harusi tu. Kwa hiyo saa kumi na moja hakukupa yule mzee wa barazani unayemtafuta. Alikupa anayemtaka yeye, kama walivyofanya wateja wa Mzee wa Studio.

#21 Mzee wa Studio

Ulimpiga ngapi?

#22 Kivuli cha Mwarobaini

Moja, mzee wangu. Nyingine sikuithubutu. Kesho kutwa naichapisha, na saa nane nitakuwa pale pale mwisho wa ukuta, mikono mitupu.